Mkwe Hapitwi Njiani

Iko asubuhi moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi hata jina la jirani hunitoroka likiwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeanguka nyuma ya kichuguu kando ya barabara ya Kafubu, nakohoa bila mwisho, na miguu yangu miwili imebaki nje, kila mpita njia anaiona. Nitakueleza ilivyokuwa. Ila univumilie nikinyamaza katikati, maana kwa umri wangu hata kusimulia ni kazi ya kutoa jasho.

Nimesikia umeamua kurudia mbio. Ulikaa muda mrefu, kwanza kwa ugonjwa, halafu kwa kazi za kitini, na sasa umenunua viatu vipya. Vizuri. Nimesikia pia kwamba siku ya kwanza ulirudi nyumbani ukishikilia ukuta wa kila mtu mtaani. Sikucheki. Basi, nakucheka kidogo, kwa sababu ukuta ule nami niliushika kabla baba yako hajazaliwa.

Wakati ule mji wetu uliitwa Elisabethville, na mimi nilikuwa kijana wa tanuru. Nilifanya kazi mahali pa kuyeyusha shaba, nikakaa na mke wangu Monika katika nyumba ya matofali ndani ya kambi ya wafanyakazi. Wazazi wetu sote wawili walitoka kaskazini, kwa Waluba, wakifuata kazi ya reli na migodi. Kila sikukuu ya kambi kulikuwa na mbio za kuizunguka kambi yote, na mimi nilizishinda mara nyingi mpaka watu wakaniita Rapidi, kama ile treni ya abiria isiyosimama vituo vyote. Jina lile lilikuwa tamu sana. Nilikuwa nikilisikia barabarani, nalala nalo, naamka nalo.

Halafu, mwanzoni mwa mvua, nilitoka kwenye tanuru nimelowa jasho, mvua ya kwanza ikanikuta njiani, nikaona aibu kukimbilia barazani kwa watu. Kulipokucha kifua kilikuwa kinachoma. Kichomi kile kiliniweka hospitali mpaka mahindi yakakomaa mashambani. Niliporudi nyumbani Monika alinishika mkono kunipandisha ngazi, na ngazi yenyewe, mwanangu, ilikuwa moja tu. Mvua zote zilinyesha zikaisha, mimi kitandani, kisha kwenye kiti mbele ya mlango, nikitazama wenzangu wakienda zamu na kurudi.

Daktari wa kambi alikuwa ameniambia neno moja. Atanipima tena baridi itakapokuwa inaisha, kabla watu hawajaanza kuchoma nyasi. Kifua kikiwa kimepona, narudi kazini. Kisipopona, natolewa kazini, nyumba anapewa mwingine, mimi na Monika tunapandishwa treni kurudi kijijini kaskazini, mahali ambapo baba yangu aliondoka akiwa kijana na mimi sikujua hata njia ya kwenda mtoni. Na Monika alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Asubuhi nilikuwa naamka kabla yake, namtazama, naogopa. Nakwambia kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini.

Hofu ile ndiyo iliyonivalisha viatu. Nilifikiri nguvu ni kama koti: umelitundika ukutani mwenyewe, siku unayolitaka unalishusha unalivaa. Nikasema moyoni, nikiweza kukimbia njia yangu ya zamani, kutoka kambini mpaka kwenye kijito cha barabara ya Kafubu na kurudi, daktari atasikia nini tena kifuani mwangu? Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mimi neno hilo nililijua. Kulijua si kazi. Mimi nililijua kwa ajili ya watu wengine.

Basi asubuhi hiyo ya mwanzo wa baridi, king'ora cha zamu ya kwanza kilipokwisha kulia na wanaume kuingia kazini, nilimwacha Monika anachochea mbabula, jiko letu la makaa, nikatoka kama mtu anayekwenda kunyoosha miguu. Nilipovuka kambi nikaanza kukimbia. Mwanzo ulikuwa mteremko, na mteremko ni mwongo mkubwa. Nikapita ule mtaa wa mji wetu uitwao Kenya, kifua mbele. Mama mmoja muuza karanga, aliyenijua tangu siku za sikukuu, akapiga kigelegele.

"Eh! Rapidi anarudia! Bantu, mukuje kuona, Rapidi iko muzima!"

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Ningekuwa peke yangu ningetembea, kwa sababu ubavu ulikwisha anza kunichoma. Lakini watu walitoka milangoni, na mimi nikaongeza mwendo kwa ajili ya macho yao. Nyumba za mwisho zilipoisha, macho yakaisha, na nguvu nayo ikaisha papo hapo. Pumzi ilikuwa inaingia nusu tu, halafu inagoma. Nilijikokota mpaka kwenye kichuguu kikubwa kando ya barabara, nikakaa chini, nikakohoa mpaka machozi yakatoka.

Nilipofuta macho nikaona mtu anakuja kutoka mjini, mwanamke, kitunga kichwani na jembe begani. Nilimjua kwa mwendo wake. Alikuwa mama wa mke wangu.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe meza moja, mnapeana hata bakuli la sombe, mboga ya majani ya mihogo, mkono kwa mkono. Kwetu haikuwa hivyo. Mwanaume hakumtazama mama wa mkewe usoni, hakutaja jina lake, hakula mbele yake. Akimwona anakuja, aliacha njia akaingia majanini mpaka mama apite. Na akimkuta anatembea mbele yake, hakumpita kamwe. Hata awe na haraka ya namna gani, atafuata nyuma, mbali, mpaka njia zao zigawanyike. Haikuwa chuki, mwanangu, usinielewe vibaya. Tulimheshimu kwa sababu yeye ndiye mlango ambao mke wako alipitia kuja duniani.

Jina lake silitaji hata leo. Tumwite Mama Monika, kama mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa mjane, anakaa kwa mwanawe wa kiume katika mtaa wa Kenya, na kila asubuhi alitembea kwenda shambani kwake, ng'ambo ya kile kijito. Na mimi, mkwe wake, nilipaswa kuondoka njiani haraka. Miguu ikakataa. Nilitambaa kwa mikono nikazunguka kichuguu, lakini nusu yangu ya chini ilibaki nje. Nikafunga macho, kama vile mtoto anavyodhani akifumba macho haonekani.

Nikasikia hatua zake zimesimama. Nikasikia kitunga kinawekwa chini. Desturi yetu ilikuwa na kidirisha chake: mkwe akilazimika kusema, husema na kitu kingine, nawe unasikia. Mama Monika alinipa mgongo, akalishusha jembe lake, akaliita kwa jina lake la kwetu, lukasu.

"Lukasu yangu, sikia. Mi niko naona kichuguu inaota miguu. Tangu lini kichuguu inaota miguu?"

Jembe halikujibu.

"Ile miguu naijua. Ni ya bwana ya binti yangu. Alilala ku lupitalo mvua muzima, leo anaamuka anakimbia sawa vile alikuwa anakimbia zamani. Anakimbilia nini? Kufwa haiko mbali, akikaa tu ku nyumba itamukuta."

Nilisikia anapigapiga mpini kwa kiganja.

"Weye lukasu, kama nakuacha ku kona mwaka muzima, mupini yako inakauka, haishikake tena chuma. Siku nakuchukua, nafanya je? Nakuweka kwanza mu mayi. Unalala mule. Mupini inavimba pole pole, inashika. Njo naenda na weye ku shamba. Kama napiga udongo ya nguvu siku ya kwanza, chuma inatoka, inanikata muguu. Hata mutoto anajua hii."

Nilitaka kumwambia kuhusu daktari, treni, nyumba. Lakini ningemwambiaje? Nilijibu kwa kukohoa. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Baba ya Monika alikuwa mutu ya reli. Kifua ilimushika, homa ikapunguka kidogo, akasema niko muzima, akarudia kubeba mataruma. Balimuleta ku nyumba juu ya ubao. Niliishaka kuzika mwanaume mumoja juu ya haraka, lukasu. Kuzika wa pili, nguvu sina."

Akajitwisha kitunga. Kabla ya kwenda akaacha kiazi kitamu cha kuchoma juu ya jani, kando ya njia, bila kugeuka.

"Kesho jua ikitoka tutapita tena hapa, mi na weye. Ile mutu, kama iko na heshima, atakuwa nyuma yetu. Mukwe hapitwake mu njia."

Nilikula kile kiazi, mwanangu, na kilikuwa cha moto bado. Halafu nikarudi nyumbani nikitembea, nikipita milango ile ile niliyopita kifua mbele. Yule mama wa karanga aliniona, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kikapu chake. Huruma yake iliniuma kuliko kicheko.

Jioni Monika aliniletea maji ya moto kwenye beseni, akayaweka mbele ya miguu yangu.

"Miguu iko namna gani?"

"Nani alikuambia habari ya miguu?"

"Mama alipita hapa. Aliongea na kitunga yake. Mi nilikuwa tu karibu."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanirudia. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, mkono juu ya tumbo, akanitazama.

"Bwana yangu, kama banaturudisha ku mugini, tutaenda. Tutalima, tutakula. Lakini nitaenda na weye, ao nitaenda mi peke na huyu mutoto?"

Kesho yake jua lilipochomoza nilikuwa kwenye barabara ya Kafubu, ninamsubiri mkwe wangu apite ili nimfuate.

Usifikiri kwamba kumfuata kulikuwa rahisi. Wewe unajua kuchoka kwa kukimbia. Mimi nilijifunza kuchoka kwa kwenda polepole. Mama Monika alitembea kama mtu anayeipima barabara. Akikutana na mwenzake, anatua kitunga, wanaulizana habari za watoto, za kuku, za mtu wa kijiji cha Kasomeno aliyerudi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Mimi nyuma, nimesimama majanini, nimegeuka upande. Kitenge kikilegea, anasimama anakifunga upya. Akiona kijiti kikavu, anainama anakiokota. Damu ilikuwa inanichemka. Siku zinakwenda, baridi inazidi, daktari anasubiri, na Rapidi mzima yuko barabarani anafuata kitunga cha kuni!

Mtaa wote uliona. Mwenzangu mmoja wa tanuru aitwaye Kasongo, aliyekuwa akishika nafasi ya pili kila nilipokuwa wa kwanza, alinikuta siku moja akitoka zamu ya usiku. Alicheka mpaka akashika magoti.

"Rapidi! Sasa unageuka treni ya mizigo? Unapakia kuni?"

"Niko namfwata mukwe."

"Pita ku majani, mwana! Zunguka, utokee mbele. Kama haukumupita ku balabala, haukumupita. Nani atakuhukumu?"

Kasongo hakuwa mtu mbaya. Alinipa tu lile nililokuwa nalitaka tayari. Na tazama akili ya kijana: nilishika herufi ya desturi, nikaiacha roho yake. Asubuhi iliyofuata, mkwe wangu aliposimama kusalimiana na watu, niliingia porini kwa upande wa kushoto. Nikakimbia kati ya miti, miiba inanichuna, nikaruka magogo, nikamzunguka mbali kabisa asinione. Nikatokea barabarani mbele yake sana. Sikumpita barabarani, kwa hiyo sikumpita. Nikafungua miguu. Kwa muda mfupi, mwanangu, nilikuwa Rapidi tena, na upepo wa baridi ulinijaa mdomoni, na nilifurahi sana.

Kijito kilikuwa kinaonekana pale kifua kilipokatika. Nilianguka kwa mikono na magoti. Nilikohoa, nikatema, na juu ya vumbi jekundu nikaona damu.

Niliitazama damu ile. Nilisikia hatua zinakuja, hatua zile zile za polepole, na sikujaribu kujificha. Nilingoja aseme na jembe. Hakusema. Alisimama, aliona yote, maana nyayo zangu zilikuwa zinatoka porini na kuja mpaka pale. Halafu alitua kitunga, akaketi chini katikati ya barabara, mgongo kwangu, miguu ameinyoosha. Akavuta kitenge juu ya kichwa. Na mkwe wangu alilia. Alilia kimya, ila mabega yalionekana. Nilijua hanililii mimi peke yangu. Alikuwa anamlilia na yule aliyeletwa juu ya ubao.

Alikaa pale mpaka nilipoweza kusimama, na jua lilikuwa limekwisha panda. Hakwenda shambani siku hiyo. Alirudi mjini, na mimi nikarudi nyuma yake, polepole, na hakuna aliyenitania njiani. Nikimwona leo kijana anajisifu kwamba amepata njia ya mkato, huwa nayakumbuka mabega yale.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu lilikwisha vunjika, basi nikaanza kusikia. Kwanza nililala siku kadhaa, Monika akininywesha uji. Kisha nikarudi barabarani. Nikamfuata Mama Monika mpaka nyumba za mwisho tu, nikarudi. Baadaye mpaka kwenye kichuguu. Baadaye mpaka kijitoni. Alipokuwa akisimama nami nilisimama, na niligundua kwamba kila anaposimama ndipo pumzi yangu ilikuwa inaelekea kuisha. Nilidhani anapenda maneno. Kumbe alikuwa anasikiliza nyuma yake. Kikohozi changu kikianza, yeye anakumbuka kitenge chake hakijafungwa vizuri.

Ikafika siku nikavuka kijito nikafika shambani. Mkwe kumlimia mama wa mkewe ni wajibu wa zamani, na mimi wajibu huo nilikuwa nimeukwepa kwa kisingizio cha kazi ya mjini. Nilikuta jembe la pili limelazwa upande wa mbali wa shamba, mpini wake bado una maji. Yeye alichimba mihogo upande wake, mimi nikalima upande wangu, migongo imetazamana. Nililima mstari mmoja nikakaa. Kesho yake nikaongeza kidogo. Bandu bandu huisha gogo, na kifua nacho hujengwa hivyo hivyo.

Kitu kimoja sikukiona upesi. Katikati ya baridi, nilipokuwa nimezoea, niligundua kwamba ninatembea kwa nguvu, hatua ndefu, na bado sijamkaribia. Mama Monika alikuwa ameongeza mwendo. Aliuongeza kidogo kidogo, siku baada ya siku, bila kuniambia, na kuni hakuokota tena. Yule alikuwa mama mtu mzima, mwanangu, magoti yake yalikuwa yanalia akiinama. Monika aliniambia kwamba jioni mama yake alikuwa anafika nyumbani amechoka mpaka anakosa hamu ya bukari, ugali wetu, analala na njaa. Alikuwa anajichosha ili anivute. Nilipolijua hilo niliona haya, nikataka kuacha. Monika akasema nikiacha, uchovu wa mama utakuwa wa bure.

Kisha ikaja asubuhi ile nyingine. Baridi ilikuwa imeanza kulegea, umande ulikuwa mweupe bado juu ya nyasi. Tulipita nyumba za mwisho, yeye mbele, mimi nyuma, kama kawaida. Ghafla akasimama. Hapakuwa na mtu wa kumsalimu. Nami nikasimama. Akatoka barabarani, akaingia majanini kwenye umande, akageukia porini, akajifunika kitenge usoni.

Sikuelewa. Mama mkwe ndiye anayempisha mkwe wake? Jambo hilo sikuwahi kuliona wala kulisikia. Nilisimama pale kama nguzo mpaka yeye akachoka kungoja, akasema na jembe lake.

"Lukasu, huyu mutu ni kiziwi? Njia iko wazi. Akimbie, lakini asikimbie ya zamani. Akimbie ya leo."

Nikampita. Niliinamisha macho, maana kumpita kulinielemea kuliko mbio. Nilikimbia polepole, mwendo ambao zamani ningeuonea aibu, mpaka kijitoni, nikageuka. Aliposikia ninarudi aliingia tena majanini akageuza uso. Nilipofika nyuma yake nikaacha kukimbia, nikatembea. Kifua kilikuwa kinauma uchungu mzuri, wa mtu aliyefanya kazi. Hapakuwa na damu. Nililia njia nzima ya kurudi, na sikujali nani ananiona.

Daktari alinipima siku chache kabla ya nyasi kuanza kuchomwa. Aliweka sikio mgongoni, akaniambia nivute pumzi, niitoe, nivute tena. Alichukua muda wake. Monika alikuwa nje kwenye benchi, mikono juu ya tumbo, na nilikuwa namwona dirishani. Mwishowe daktari akasema "Bon," yaani vizuri kwa Kifaransa, akanipiga begani. Hakunirudisha kwenye tanuru. Alinipeleka karakana, kazi ya vyuma baridi, na mshahara mdogo zaidi. Lakini nyumba ilibaki yetu, na mwana wetu wa kwanza alizaliwa ndani yake mvua zilipoanza.

Mbio za sikukuu nilizikimbia mwaka uliofuata. Usiniulize nilikuwa wa ngapi. Kasongo alishinda, akaja kunikumbatia nilipofika, wakati watu walikuwa wamekwisha anza kunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Jina la Rapidi lilikufa siku hiyo bila matanga. Mimi niliendelea kukimbia asubuhi kwa miaka mingi, peke yangu, mwendo wangu ule ule wa kuchelewa, mpaka magoti yaliponiomba ruhusa.

Mama Monika aliishi akawabeba wajukuu. Alipofariki, vijana waliobeba jeneza walitembea haraka, jua lilikuwa kali na makaburi yako mbali. Nilikuwa nyuma. Nikawapigia kelele, mimi ambaye sikuwa nimewahi kupaza sauti mbele yake: "Mupunguze! Mupunguze, batoto! Huyu mama hakukuwa na haraka!" Wakapunguza. Tulifika jioni, na hakuna aliyelalamika.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana pumzi yangu inaishia hapa. Unaporudi kwenye mbio baada ya kukaa sana, usiende kudai ulichokiacha. Hakikukungoja. Anza na mwili ulioamka nao asubuhi hii, na kama huo unataka kutembea, tembea. Ukisikia mtaa unakupigia kigelegele, punguza mwendo, kwa sababu wanaopiga kigelegele hawatakubeba mgongoni. Tafuta mtu wa polepole anayekupenda, ukae nyuma yake, hata kama anasimama kufunga kitenge. Usitafute njia ya porini ya kumzunguka. Maumivu ukiyaona yaseme kwa daktari na kwa watu wa nyumbani, mficha maradhi kifo humuumbua. Na siku utakapoona mtu aliyekutangulia anasimama kando na kugeuza uso, ujue amechoka kwa ajili yako. Mpite kwa adabu, kimbia, kisha urudi umwone.

Mungu wa wazee wetu wa kaskazini akupe pumzi inayotosha siku yako. Akupe magoti ya kukupeleka, na akili ya kukurudisha. Akuweke mbele ya wanao kwa mwendo wanaouweza. Nenda sasa, mwanangu. Nenda taratibu, mimi nitakaa hapa nipumzike.